“1 x 2” haimtoshi mgonjwa wa kisukari

Mhariri,

Mimi ni mwanajeshi mstaafu, mkazi wa Bombo, Uganda, na huu ni mwaka wa tisa nikimeza metformini kwa ajili ya kisukari cha aina ya pili. Naomba nafasi niseme neno kuhusu bahasha ndogo ya karatasi tunayotiliwa vidonge hivyo.

Juu ya bahasha yangu ya kwanza paliandikwa jina la dawa, miligramu 500, na “1 x 2”, yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Basi. Nikatii kama nilivyozoea jeshini: nilimeza alfajiri, tumbo likiwa tupu, nikashinda nikikimbilia choo, na siku ya nne nikaitupa bahasha juu ya kabati nikiamini kwamba dawa inanidhuru. Ilikaa huko miezi mitano, hadi macho yalipoanza kuona ukungu na kiu ikawa inaniamsha usiku. Ni muuguzi wa kituo kingine aliyenieleza, kwa Kiswahili, kwamba dawa hii humezwa pamoja na chakula au mara tu baada ya kula, kwamba kwa kawaida huanzwa kidogo ikaongezwa polepole, na kwamba kuharisha na kichefuchefu hupungua kwa wengi baada ya wiki chache. Hakutumia hata dakika tano.

Jirani yangu, mama wa makamo, yeye aliisoma “1 x 2” kuwa vidonge viwili kwa mpigo. Namjua na mzee mwingine ambaye akijisikia nafuu huacha, kana kwamba kisukari ni malaria yenye dozi ya kumaliza. Metformini haiponyi, kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari nyingi katika damu na kuusaidia mwili uitikie insulini yake wenyewe, na vidonge vikikoma kazi hiyo nayo hukoma.

Linalonitia hofu zaidi ni kuazimana dawa. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini glibenklamaidi, inayotolewa kwa ugonjwa huohuo, yaweza kumwangusha aliyeimeza bila kula, hasa sisi wazee. Tena, mwenye figo zilizodhoofika sana hapaswi kumeza metformini kabisa, ndiyo maana tunapimwa damu.

Sidharau bidii ya wahudumu wetu, kwani foleni zao nimezipanga mwenyewe. Hata hivyo, marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, nami sijawahi kupewa bahasha yenye maneno “baada ya kula”. Naiomba Wizara ya Afya iyaweke maneno hayo matatu, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kila eneo, pamoja na picha ya sahani kwa wasiosoma. Ikiwa fedha za kuchapisha hazipo, muhuri wa mpira unatosha, na wachongaji wake wapo katika kila mji.

Mstaafu,
Bombo