Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: Mgonjwa wa saratani atafutwe minyoo kabla ya kemo

Mganga Mkuu wa Serikali,
Wizara ya Afya,
Dodoma.

Ndugu Mganga Mkuu,

Nakuandikia nikiwa mtaalamu wa maabara. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuangalia damu, makohozi, mkojo na choo cha watu ambao sura zao sizioni. Mwaka jana mmoja wao nilimwona sura, na binti yake amenipa ruhusa ya kusimulia.

Alikuwa mzee wa miaka 60 na kitu, mkulima wa mpunga, aliyekanyaga tope la majaruba pekupeku tangu utoto. Alifika kwenye hospitali ya rufaa ninayofanya kazi akiwa na tezi zilizovimba shingoni. Sitaitaja hospitali, kwa sababu lililotokea kwetu lingeweza kutokea kokote. Ikagundulika ni limfoma, saratani ya tezi, akaanzishwa kemo, yaani dawa za kuua saratani: dripu siku ya kwanza, vidonge vya prednisoloni miligramu 100 kila siku kwa siku 5, kisha nyumbani kupumzika, arudi wiki ya 3 itimie. Wanaouguza saratani wanaujua mzunguko huo kama wanavyojua siku za gulio.

Baada ya mzunguko wa pili tumbo likaanza kumsokota. Akatapika, akaharisha, chakula kikamshinda. Binti yake aliambiwa ni dawa, kemo ndivyo zilivyo. Kikafuata kikohozi, ikafuata homa. Damu ilipopimwa, chembe nyeupe zilikuwa zimeshuka sana. Wakashuku kifua kikuu, wakaleta makohozi maabara, na kwa kuwa daktari wa zamu alitaka tuangalie na fangasi, nilianza na tone bichi lisilotiwa rangi.

Nilipoiweka slaidi chini ya darubini, kitu kikajipinda. Nilidhani ni uzi wa pamba umepeperushwa na feni. Kikajipinda tena, kikanyooka, kikapiga mkia kama mjeledi na kutoka nje ya duara la mwanga. Nikasogeza slaidi nikakikuta, na pembeni yake kulikuwa na kingine. Ilikuwa lava, yaani mtoto, wa strongiloidi, mnyoo wa tumbo, mzima kabisa, ndani ya makohozi ya mtu. Nikavua glavu nikakimbia wodini.

Dawa yake ni ivermectin. Duka la dawa la hospitali halikuwa nayo. Nikampigia mwenzangu anayeshughulika na ugawaji wa dawa za matende na usubi wilayani, akapata vidonge, vikaja na basi la asubuhi. Vilimkuta mzee hajitambui, ikabidi visagwe na kupitishwa kwenye mpira wa puani. Damu tuliyootesha ilitoa bakteria wa utumbo, wale walioingia mwilini wakiwa wamebebwa na lava. Alifariki usiku wa pili.

Baada ya mazishi nilifungua rejesta. Wiki 9 kabla, siku chache tu kabla ya dripu yake ya kwanza, choo chake kililetwa kwetu. Slaidi moja. Majibu: hakuna mayai wala vimelea vilivyoonekana. Sahihi ni yangu.

Wewe ni daktari, Ndugu Mganga Mkuu, na haya ninayofuatisha unayajua. Nayaeleza kwa ajili ya wengine watakaoisoma barua hii, hasa wenye mgonjwa nyumbani. Strongiloidi huingia mwilini kama safura. Lava wake hukaa kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi, hupenya ngozi ya mguu, husafiri kwa damu hadi mapafuni, hupanda hadi kooni, humezwa, na kutulia kwenye utumbo mdogo. Hapo ndipo anapotofautiana na minyoo mingine. Mayai yake huanguliwa humo humo tumboni, na baadhi ya lava hawasubiri kutoka nje: hutoboa ukuta wa utumbo au ngozi ya makalio na kuianza safari upya ndani ya mtu yule yule. Mtu anaweza kuacha kulima, akahamia mjini, akavaa viatu maisha yake yote yaliyobaki, na mnyoo ukaendelea kuzaliana ndani yake. Askari wa Uingereza na Australia waliotekwa na Wajapani na kufanyishwa kazi kwenye reli ya Thailand na Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walikutwa bado wanao zaidi ya miaka 30 baada ya kurudi makwao.

Muda wote huo kinga ya mwili humshikilia mnyoo. Tumbo husumbua kidogo, ngozi huwasha, basi. Binti aliniambia baba yake kwa miaka mingi alikuwa na upele wa ajabu mapajani na makalioni, mstari unaowasha na kutembea, asubuhi uko hapa, jioni uko pale, kisha unapotea. Nyumbani walisema ni mzio wa samaki. Mstari ule ulikuwa lava anayepita chini ya ngozi. Tulimpima mzee mapafu, ini, figo na moyo kabla ya kemo, na swali la upele halikuwemo kwenye fomu yoyote.

Kinachofungua mlango ni steroidi, dawa zinazoshusha kinga ya mwili, kama ile prednisoloni ya mzee. Nazo katika tiba ya saratani ziko kila mahali. Kwenye limfoma ni sehemu ya dawa zenyewe. Watoto wenye saratani ya damu huzimeza kila siku kwa takriban wiki 4 za mwanzo. Mama mwenye saratani ya titi huchomwa deksamethasoni kabla ya paclitaxel, dawa ya kemo, ili asipate mzio, na wengine wengi huipewa ili wasitapike. Kinga ikishalegezwa na steroidi, na chembe nyeupe zikishaangushwa na kemo, lava huongezeka kwa maelfu, hutoboa utumbo wakiwa na bakteria, huingia kwenye damu, mapafu, hata ubongo. Ikifika hapo wengi hufa hata wakipata dawa, na asiyeipata ni nadra kupona. Tena mnyoo huyu hajitangazi. Kichefuchefu? Ni kemo. Kuharisha? Ni kemo. Kikohozi na homa? Kinga imeshuka, mpe antibayotiki. Hata zile chembe za damu ziitwazo eosinofili, ambazo zikipanda hutushtua sisi wa maabara kwamba huenda kuna minyoo, steroidi huzishusha.

Sasa nije kwenye sahihi yangu. Kipimo cha choo tulichozoea ni kuchukua kinyesi kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, kukikoroga kwenye tone la maji ya chumvi na kukiangalia. Kwa mnyoo unaotoa lava wachache, leo wapo kesho hawapo, slaidi moja inaweza kuwakosa zaidi ya nusu ya wenye maambukizi. Ile njia ya Kato-Katz tunayotumia kwenye tafiti za shuleni huhesabu mayai, na strongiloidi hutoka kama lava, si yai. Ukiandika "hakuna kilichoonekana" umesema kweli kuhusu ile slaidi. Daktari wodini husoma kwamba mgonjwa hana minyoo.

Ipo njia nyingine, na haihitaji mashine. Inaitwa Baermann. Unachukua faneli, unaifunga kipande cha mpira chini na kuubana kwa klipu, unaijaza maji ya uvuguvugu. Kinyesi kibichi, kingi kiasi cha kijiko, ambacho hakijakaa kwenye friji, unakifunga ndani ya shashi na kukiegesha juu ya maji. Lava wanapenda joto na unyevu, kwa hiyo wanaogelea kutoka kwenye shashi, na kwa kuwa hawawezi kupanda wanazama hadi chini ya mpira. Baada ya saa kadhaa unafungua klipu, unachukua matone ya chini, unawakuta wamejikusanya. Niliijaribu kwa mara ya kwanza wiki mbili baada ya msiba, kwa faneli ya plastiki ya dukani na shashi ya chumba cha vidonda. Wenzetu wa Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri kule Chake Chake, Pemba, wanaijua kazi hii kwa miaka. Utaalamu tunao hapa hapa nchini.

Na dawa tunayo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ivermectin imetolewa bure duniani kwa ajili ya usubi tangu 1987, na hapa kwetu imegawiwa nyumba kwa nyumba, kwa usubi Mahenge, Tukuyu na milima ya Tanga, na kwa matende na mabusha mkoa baada ya mkoa. Nani hakumbuki kusimamishwa kando ya ile fimbo ya kupimia urefu ili ajue ameze vidonge vingapi? Kwa strongiloidi kipimo ni mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 anameza vidonge 4 vya miligramu 3. Ile albendazole ya mara moja inayotolewa mashuleni haimwezi sawasawa mnyoo huyu, kwa hiyo mgonjwa anayesema "dawa za minyoo nilishameza" bado hajawa salama.

Naomba basi, Ndugu Mganga Mkuu, Mwongozo wa Taifa wa Matibabu uongezewe maelekezo haya: kila mgonjwa anayeanza kemo au steroidi za muda mrefu aulizwe kuhusu udongo, upele unaotembea na tumbo, choo chake kipimwe kwa Baermann kwa zaidi ya siku moja, na pale ambapo saratani haisubiri majibu, apewe ivermectin kwanza. Wakati wa korona, deksamethasoni ilipoanza kutumika kila mahali, Shirika la Afya Duniani lilikubali fikra hiyo hiyo ya kutibu bila kungoja kipimo katika maeneo yenye mnyoo huu. Na mwaka 2024 likatoa mwongozo wa kuigawa ivermectin kwa jamii nzima ambako strongiloidi imefika asilimia 5 au zaidi kwa watoto wa umri wa shule. Wagonjwa wa saratani ni wachache mno ukiwalinganisha na jamii nzima.

Tahadhari moja iwekwe kwa maandishi. Kwa ndugu zetu wanaotoka misitu ya Kongo yupo mnyoo mwingine, Loa loa, na mwenye nao wengi kwenye damu akipewa ivermectin anaweza kudhurika ubongo. Kigoma tunapokea wagonjwa kutoka huko. Hao wapimwe damu kwanza, mchana, wakati ambapo Loa loa huonekana.

Dawa za mpango wa usubi na matende zina masharti yake na hazikuletwa kwa ajili ya wodi za saratani. Ndiyo maana naomba Bohari ya Dawa iinunue ivermectin na kuipeleka kila hospitali inayotoa kemo. Huduma hiyo haiko tena Dar es Salaam peke yake. Iko Mwanza, iko Moshi, na inazidi kusogea kwa wananchi, jambo ambalo naliunga mkono kwa moyo wote. Vidonge 4 visingoje basi la asubuhi.

Nigusie na vimelea vingine kwa kifupi. Mgonjwa wa kemo anayeharisha maji matupu kwa siku nyingi huenda ana kriptosporidi, ambaye klorini ya kawaida haimwui. Mwaka 1993 aliingia kwenye maji ya bomba ya jiji la Milwaukee, Marekani, wakaugua watu takriban 403,000, na waliokufa wengi walikuwa wale ambao kinga yao ilikuwa chini. Kwenye slaidi ya kawaida hapatikani kirahisi, lakini rangi ile ile nyekundu tunayotumia kusaka kifua kikuu, ikibadilishwa kidogo, humwonyesha. Tunayo tayari mezani, kinachokosekana ni mtu wa kuiomba. Na wagonjwa waambiwe wachemshe maji ya kunywa mpaka yatokote. Vidonge vya kutibu maji havitoshi kwao.

Binti wa mzee alikuja maabara mara moja baada ya arobaini. Aliniuliza, "Dada, yule mdudu alikuwemo tangu siku ya kwanza?" Nikamwambia ndiyo. Akaomba kuona darubini. Nilimwekea slaidi ya mgonjwa mwingine, aliyepatikana mapema na kutibiwa, akaangalia muda mrefu bila kusema neno.

Jumatatu hii tuna wagonjwa wawili wapya wa limfoma wanaotarajiwa kuanza dripu. Nimezungumza na muuguzi wa wodi, vikopo vyao vya choo vitaletwa kwangu kesho kabla ya saa 2 asubuhi, vikiwa bado na joto. Faneli nimeshaziosha.

Wako mtiifu,

Mtaalamu wa maabara, hospitali ya rufaa