Mwenzangu, kabla hujaenda Doha

Shoga yangu,

Voisi yako nimeisikiliza kwenye basi la wafanyakazi nikitoka shifti ya usiku, nimefurahi mpaka dada wa Kifilipino niliyekaa naye akaniuliza kuna nini, nikamwambia viza ya rafiki yangu imetoka, anaenda Doha. Hongera sana mamaa. Ila pale mwisho uliposema kazi huiogopi, unachoogopa ni kukaa miaka miwili chumba kimoja na watu ambao hujui hata wanakula nini, pale nimekuelewa kabisa, ndo maana nakuandikia badala ya kukurudishia voisi, maana haya mambo ni marefu na nataka uyasome taratibu ukiwa umetulia.

Kwanza la mkataba tulimalize. Qatar tangu 2021 wana mshahara wa chini, riyali 1,000 kwa mwezi, na kama mwajiri hakupi malazi anaongeza 500, hakupi chakula anaongeza 300, ukiletewa mkataba wa chini ya hapo usisaini hata agenti akuambie nini. Na paspoti yako ikae kwako. Naanza na haya makusudi, mtu ambaye paspoti yake imefungiwa kwenye droo ya mwenye nyumba hana roho ya kutafuta marafiki, anatafuta mlango tu, na wako dada zetu wengi wa kazi za ndani wako hivo na hakuna ushauri wangu wa urafiki utakaowasaidia mpaka hilo litengenezwe kwanza. We unaenda hotelini, utakuwa na siku ya ofu, utatoka, utaona watu, kwa hiyo nakuandikia kama mtu mwenye nafasi hiyo.

Sasa, watu wa nyumbani wanadhani mi huku Maskati nilipata urahisi kwa sababu Waomani wengi wanaongea Kiswahili. Kweli wapo, na wengi tu. Si unajua Seyyid Said, sultani wa Oman, alihamia Unguja karne ya 19, basi familia zikawa huku na huku miaka yote ile, halafu mapinduzi ya 1964 wengi wakakimbia, wengine Dubai, wengine Kuwait, wengine Uingereza, na Sultan Qaboos alivoshika nchi 1970 akawaita Waomani wa nje warudi wajenge nchi, wakarudi na Kiswahili chao. Ukipita Mutrah sokoni, hapa hapa Maskati, unasikia mtu anabishana bei kwa Kiunguja safi kuliko changu. Mara ya kwanza machozi yalinitoka, nilikuwa nimeishikilia lugha yangu kifuani wiki nzima sina pa kuitua.

Lakini lugha inakufikisha barazani tu, ndani unaingia kwa mengine. Kuna bibi mmoja nilikutana naye hapo hapo Mutrah, kazaliwa Unguja, kaondoka msichana. Alinialika kwake, nikaenda na baibui langu, mwanawe wa kike ambaye Kiswahili hakijui akanikuta nimekaa, akanioneshea vikombe nivitoe, alidhani ni msichana wa kazi. Bibi akamwambia kwa Kiarabu maneno ambayo sikuyashika yote, ila "mgeni wangu" niliisikia. Yule dada akaona haya sana, akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Nimekaa na lile jambo siku nyingi. Wao raia na mi mfanyakazi, hilo halifutiki kwa kuwa wote tunajua mkate wa kumimina, ila bibi alichagua upande mbele ya mwanawe na mi nikajua nina mtu.

Na ya 1964 sikumuuliza kamwe. Alikuja kuyasimulia mwenyewe tukiwa jikoni kwake tunasubiri huo mkate uumuke, duka la baba yake, jirani Mswahili aliyewaficha, vitu walivoacha. Mi wa bara, we unajua sisi shuleni tulisomaje habari ile. Nilinyamaza nikasikiliza, sikutetea wala sikulaumu, na alipomaliza akanipa kijiko nionje. Shoga, utakutana na watu wenye historia zilizogusana na yako vibaya, wewe kaa usikilize, usiwe wakili wa mtu yeyote.

Ila wale niliokuwa naishi nao hawakuwa na Kiswahili hata chembe. Rumu yetu tulikuwa wanne, mi, Mfilipino mmoja, dada wa Kerala kule India kusini, na binti wa Kinepali ambaye alikuwa hasemi kabisa. Jiko moja. Mwanzo ilikuwa kila mtu na sufuria yake na mlango wake wa kabati, mtu akikaanga samaki mkavu mwingine anafungua dirisha kwa hasira na joto lote la nje linaingia, na huku mwezi wa sita linapita nyuzi 40 bila wasiwasi. Watu wanaishi hivo mkataba mzima. Kazi, rumu, simu sikioni kuongea na nyumbani, kulala. Siwalaumu, uchovu ni mwingi.

Kilichotufungua ni mbuzi ya nazi. Mama alinifungia ile mbuzi ya mbao kwenye begi, nikaona uzito wa bure, siku moja nimepata nazi kavu Ruwi, mtaa wa hapa Maskati, nikaitoa nikakaa naikuna sakafuni, dada wa Kerala katoka bafuni kaniona, kapiga kelele! Kwao wana ya kwao ya kukalia hivo hivo. Mfilipino naye kaja, kumbe na wao wana kigoda cha kukunia, akatutafutia video ya bibi yake kijijini anakuna. Tukabaki tunaangaliana wanawake watatu wa bahari tatu. Nikawaambia basi nifundisheni nyie mnafanyaje na tui, na hapo ndo mambo yalipogeuka, maana nilikuwa nimeshawahi kuwapelekea chakula nikakaribisha weee, wakashukuru wakaishia hapo. Nilipoomba kufundishwa wakakaa. Yule wa Kerala akanisogeza kabisa pembeni na kiuno, akashika mwiko. Mtu ambaye kutwa anaambiwa fanya hivi fanya vile na wageni wa hoteli, ukimpa nafasi awe mwalimu unamrudishia kitu chake. Nimeliona hili kwa wengi na nalisema kwa uhakika, ukitaka mtu wa nchi nyingine akukaribie, muombe kitu anachokijua.

Toka hapo ikawa ofu zikigongana tunapika pamoja. Nimekula Onam, sikukuu ya Kerala inayokuja Agosti au Septemba, chakula kimepangwa kwenye jani la mgomba, unakula kwa mkono na ukimaliza unakunja jani kuelekea kwako kuonesha umeshiba na umeridhika. Wafilipino nao Krismasi wanaianza Septemba, nyimbo kabisa, wala usishangae. Huyo wa kwetu hakuwa anaweza kukuambia "hapana" mdomoni, anacheka tu anasema labda, ukimsoma vizuri unajua. Wa Kerala anatikisa kichwa huku na huku, ukadhani anakataa, kumbe yuko na wewe. Kwa Waomani ukitosheka kahawa tikisa kikombe, usipotikisa wanamimina mpaka asubuhi. Na Mnepali wetu alianza kuongea siku Mfilipino alipomuomba amsuke.

Sasa hili sijawahi kukwambia. Baba alipofariki, wewe ulikuwepo kule kwenye msiba, mi nilipata simu alfajiri na tiketi sikuiweza, na kazini walinipa siku moja tu. Nilikaa chini kwenye godoro sina la kufanya. Wale wenzangu hawajui matanga ni nini, mmoja Mkatoliki, wawili Wahindu, wakakaa sakafuni na mimi. Hawakusema kitu. Walibadilishana shifti bila kuniambia ili nisibaki peke yangu, jioni yote kulikuwa na mtu. Kesho yake bibi wa Mutrah akanitumia gari nilipotoka kazini, nafika namkuta kaweka azaa, yaani kikao cha msiba cha kupokea pole, wanawake wamejaa, tende, kahawa, wananipa mkono mmoja mmoja, wanamuombea baba yangu ambaye hawajawahi hata kumuona picha. Na yule mwanawe alikaa karibu yangu mpaka mwisho. Nililia kama mtu aliye kwao.

Ndo maana naona uchungu watu wakisema huku ni kutafuta hela tu urudi. Hela nazituma, hapo hatubishani, lakini miaka hii ni ya maisha yangu vilevile, haijasimama kungoja nirudi Tanga.

Wataondoka pia, ujiandae. Yule wa Kerala mkataba uliisha karudi kwa wanawe, tulimsindikiza eapoti tukarudi kwenye basi hakuna anayeongea na kitanda chake kikapewa mtu mwingine wiki hiyo hiyo. Inauma na sina dawa yake. Tunatumiana meseji, mwanawe wa kwanza kaingia chuo, kanitumia picha.

Basi. Ukifika Doha saa zenu ni sawa na za nyumbani, sisi tuko mbele lisaa limoja, nipigie usiku wenu wa saa tatu nakuwa nishatoka kazini. Viungo usijaze begi, kila kitu kipo huko, bora ubebe kanga za kutosha utapata wa kuwapa. Msalimie sana mama na umwambie namuombea mguu wake. Na ukishapangiwa rumu tu, kabla hata hujapanga nguo, niandikie umewekwa na nani na wanatoka wapi.

Wako mwenyewe, Maskati