Ziara ya mtandaoni ya Lübeck: vituo vitatu vinatosha

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi walimu wenzangu wa Kijerumani na wa historia wanaopanga kuwatembeza wanafunzi mjini Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, kwa njia ya mtandao: mkiletewa ratiba ya vituo kumi na vitano ndani ya saa moja, ikataeni. Mtembezaji aliye kule, anayewarushia picha za moja kwa moja kwa simu, akikimbizana na muda huongea huku akitembea, na simu inayotikisika huleta picha yenye ukungu, kwa sababu kila kitu kinachoonekana kinabadilika kwa pamoja na intaneti haiwahi kuyabeba mabadiliko yote hayo. Chagueni vituo vitatu vinavyofungamana, kama dakika kumi na tano kila kimoja, na kamera itulie wakati wa maelezo.

Kinachoifungamanisha Lübeck ni chumvi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1143, ukaja kuwa kinara wa Hansa, muungano wa miji ya wafanyabiashara wa Bahari ya Baltiki na Bahari ya Kaskazini. Chumvi ilipikwa Lüneburg, kusini yake, kutokana na maji ya chumvi ya chini ya ardhi, na mfereji wa Stecknitz ulipokamilika mwaka 1398, mashua ziliileta hadi Lübeck. Kutoka hapo ilivushwa hadi Skåne, kusini mwa Uswidi ya leo, kuhifadhia samaki aina ya heringi. Ulaya ya Kikatoliki, iliyojinyima nyama wakati wa Kwaresima, ilimhitaji sana samaki huyo. Mwanafunzi wa Pwani anayemjua ng'onda hahitaji kuelezwa kwa nini samaki bila chumvi hafiki mbali.

Kwa hiyo anzeni kwenye maghala sita ya chumvi kando ya mto Trave, yaliyojengwa kati ya 1579 na 1745. Watembezaji wengi hupenda kuanzia lango la Holstentor kwa kuwa ndilo maarufu, lakini mtoto asiyejua utajiri ulitoka wapi ataona minara miwili mizuri tu. Lango liko hatua chache kutoka maghala hayo, na hapo ndipo pa kukaa zaidi. Lilijengwa kati ya 1464 na 1478. Mwombeni mtembezaji alizunguke kimya, kisha wanafunzi waseme adui alitarajiwa kutoka upande gani. Upande wa nje una matundu madogo na ukuta wa unene wa mita 3.5, upande wa mjini una madirisha mengi na ukuta usiofika mita 1. Halafu mwanafunzi mmoja aweke rula wima kwenye picha ukutani: minara imeinama, kwa kuwa ardhi ya chini ni tope na lango limezama. Matundu ya chini kabisa sasa yako sentimita 50 chini ya usawa wa ardhi. Swali hilo la rula huamsha darasa kuliko hotuba yoyote.

Kituo cha tatu ni Kanisa la Mtakatifu Maria. Eneo hilo halina machimbo ya mawe ya kujengea, hivyo lilijengwa kwa matofali ya kuchoma, na dari lake la matao lina kimo cha mita 38.5, refu kuliko yote ya matofali duniani. Usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi, 29 Machi 1942, ndege za Uingereza ziliuchoma mji; kengele zilianguka kutoka mnarani na vipande vyake vimeachwa sakafuni palepale. Kurekodi ndani kunahitaji ruhusa ya mapema, na kuta nene hudhoofisha mtandao. Ni salama zaidi mtembezaji atume picha za ndani siku moja kabla, naye aeleze akiwa nje.

Sasa saa. Wakati wa baridi ya Ulaya, Kenya iko saa mbili mbele ya Ujerumani. Mwezi Desemba jua la Lübeck huchomoza yapata saa mbili na nusu asubuhi, kwa hiyo kipindi chetu cha kwanza huangukia gizani. Saa tano na nusu kwetu ni saa tatu na nusu kwao: nuru ipo. Jumapili ya mwisho ya Machi Wajerumani husogeza saa mbele, tofauti ikabaki saa moja hadi mwisho wa Oktoba. Ziara ya Aprili iliyopangwa Machi hukwama hapo. Andikeni saa za nchi zote mbili kwenye makubaliano, kwa mtindo wa 11:30, si kwa hesabu yetu ya Kiswahili.

Darasani, kompyuta moja, projekta moja na spika moja. Simu mbili zikiingia kwenye ziara ileile chumba kimoja, sauti hurudi kama mwangwi na hakuna anayeelewa. Tengeni angalau gigabaiti 2 kwa saa. Bando la ziada ni nafuu kuliko picha kuganda. Mtembezaji avae maikrofoni ndogo ya kifuani yenye kizuia upepo, maana magari hupita pande zote mbili za Holstentor. Maswali ya wanafunzi, kwa Kijerumani, yamfikie siku tatu kabla.

Na kabla ya kulipa, ulizeni jambo moja: mtandao ukikatika zaidi ya dakika kumi, ziara itarudiwa bila malipo? Jibu liwe kwa maandishi.

Mwalimu wa Kijerumani,
Nakuru