Barua kwa somo, kabla miplamu haijakatwa

Salt Lake City, Utah
Septemba

Kwako somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, watoto wanasoma, na baridi bado haijaanza kuuma. Natumaini na huko Lushoto mnaendelea vizuri, na mguu wa Mama umepata nafuu.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza hadi mwisho. Unasema msimu uliopita plamu ziliwaozea, madalali walikuja na bei yao mkononi, na sasa shemeji anataka miplamu na mipeasi yote ikatwe mpande viazi. Nakuomba sana, msishike shoka kwanza. Nimeona nikuandikie kuliko kukupigia, maana kwenye simu tutaishia kuulizana habari za watu.

Kusini mwa jimbo hili kuna kibonde kinaitwa Fruita, mwendo wa saa nne hivi kwa gari kutoka hapa mjini. Leo kimo ndani ya hifadhi ya taifa ya Capitol Reef, lakini zamani kilikuwa kitongoji cha wakulima wa matunda, Wamormoni, yaani waumini wa dhehebu moja la dini la huku Marekani, walioanza kufika miaka ya 1880. Kwa wakati mmoja hawakuzidi familia kumi. Miamba myekundu imekizunguka pande zote, na mawe yale hushika joto la mchana yakalitoa usiku, kwa hiyo maua ya miti huponea jalidi, ile baridi ya kugandisha, kuliko kule juu kwenye uwanda. Mvua ni haba mno. Mashamba yote yalinyweshwa kwa mifereji kutoka mto Fremont na kijito chake, na mafuriko yalipobomoa banio, kila nyumba ilitoa mtu na koleo lake. Ni msaragambo uleule wa kwetu.

Nyumba moja ya wakati huo bado ipo. Aliijenga Calvin Pendleton mwaka 1908, pamoja na banda la mifugo na kibanda cha kukaushia nyama kwa moshi. Nimeingia nikaitazama kwa utulivu. Sebule na jiko ni chumba kimoja, kando yake vyumba viwili vidogo vya kulala. Wa kulala juu walipanda ngazi iliyo nje ya nyumba, iwe theluji au upepo. Umeme haukufika hadi 1948. Sasa mfikirie mama wa nyumba ile mwaka 1910: maji ya kuchota, kuni, ng'ombe wa kukamua, nguruwe, kuku na bata, bustani ya viazi, maharage, mahindi na maboga, mtama wa kukamua na kuchemsha uwe asali, ndipo aje kwenye matunda. Nikikukumbuka wewe na ndoo zako alfajiri, somo, naona yule mama ungeelewana naye bila mkalimani.

Hapa kwenye matunda nisikilize vizuri. Hayakuiva kwa mkupuo mmoja. Cheri ziliiva Juni, aprikoti zikafuata mwishoni mwa Juni hadi Julai, pichi na peasi Agosti, kisha matufaha kuanzia Septemba hadi Oktoba. Mavuno ya kwanza yakiharibika, mengine bado yako mtini. Nyinyi shamba karibu lote ni miplamu, tena ya aina moja, inaiva wiki ileile na ya jirani na ya jirani yake. Hapo dalali ana haja gani ya kupandisha bei?

Halafu hakuna aliyetegemea kuuza yote yakiwa mabichi. Reli ilikuwa mbali, barabara yenyewe ilipita ndani ya korongo, na mvua ikinyesha huko juu maji yanashuka yanaifunga. Kwa hiyo aprikoti na pichi zilipasuliwa, zikatolewa kokwa, zikaanikwa. Nyingine zilichemshwa na kufungwa kwenye chupa za kioo kwa ajili ya miezi ya theluji. Mabichi yaliyobaki yalipakiwa kwenye magari ya farasi yakapandishwa vijiji vya juu kama Torrey, ambako baridi haiachi matunda yastawi. Fedha taslimu ilikuwa adimu, mengi yalikwenda kwa kubadilishana. Lakini wao ndio walioyapeleka mahali yanapokosekana, hawakungoja kufuatwa.

Sikuambii walitajirika. Hawakutajirika. Jalidi ya Aprili ikipiga maua, mwaka mzima umekwenda. Shule yao ndogo ya mbao, iliyojengwa 1896, ilifungwa 1941, na familia ya mwisho iliyokaa katika nyumba ya Pendleton, ya akina Gifford, iliondoka 1969. Ila kwa miaka yote hiyo vishamba vile vya ekari chache vililisha watu, na miti bado inazaa, mingi tu, ikinyweshwa kwa mifereji. Ukifika wakati wa mavuno unaingia shambani, unakula bure hadi ushibe, unalipia unayoondoka nayo tu. Wana hata aina yao ya tufaha iliyotokea palepale.

Ombi langu ni hili. Miti iliyougua ikateni, sina neno. Iliyo mizima pogoleeni vizuri, na baadhi mbebeshe, yaani mpandikizie vikonyo vya aina inayochelewa kuiva. Bwana shamba wa kata atawaelekeza vikonyo vinapatikana wapi. Pembeni pandeni pichi na matufaha, udongo wenu unayakubali. Viazi vipate nafasi katikati wakati miche ingali midogo, shemeji naye aridhike. Kuhusu kukausha, najua ukungu wa huko si jua la Utah. Mtahitaji kikaushio chenye fremu ya mbao na nailoni juu. Nailoni na misumari nitatuma pesa mimi, mbao shemeji hakosi. Anzeni na debe moja la plamu, mpeleke Tanga mjini kwa yule mama mwenye duka, msikie anasemaje.

Msomee shemeji barua hii akiwa ameshakula. Akibisha, anipigie mwenyewe tuzungumze, simchoki. Nawe niandikie upesi mlivyoamua, na unipigie picha za miti ikitoa maua.

Msalimie Mama, mwambie namwombea. Watoto wabusu wote.

Ni mimi,
Somo yako