Kitabu cha mwezi huu: Carmilla

Wapendwa, habari za jioni. Tunasoma Carmilla cha Sheridan Le Fanu wa Dublin. Kilitoka 1872, miaka 25 kabla ya Dracula, ile riwaya maarufu ya mnyonya damu. Laura anaishi na baba yake kwenye kasri la upweke huko Styria, Austria, mpaka anapoletwa mgeni wa kike mwenye uzuri wa kutisha.

Sura ya 4 isomeni polepole. Laura anakiri kuwa anavutwa na kuchukizwa kwa wakati mmoja, na hapo ndipo penzi lenyewe lilipo (meno yatakuja baadaye). Mimi nilirudia mara tatu.

Haki miliki imekwisha, nakala ni bure. Tukutane Jumamosi, saa 2 usiku. Mliomaliza, tafadhali msitoboe mwisho.