Kwa somo yangu wa Pangani

Ngamiani, Tanga

Somo yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Wazee hawajambo? Sisi huku wazima, ila mwenzio nimepoteza kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA.

Ijumaa asubuhi nilishuka soko la samaki la Deep Sea kutafuta kitoweo. Hela nimezifunga kwenye pindo la leso kama bibi alivyotuzoeza, kitambulisho nikakitia kwenye kipochi, eti nakiheshimu. Hela zilifika nyumbani, kipochi hakikufika. Nikarudi mbio, nikauliza wachuuzi, nikainama mpaka chini ya meza za kuparia samaki, nikaambulia magamba viganjani.

Polisi nikamkuta binti wa zamu. "Namba ya NIDA, mama?" Mimi nikamtajia jina. Akacheka: "Jina hilo Tanga nzima mnalo." Si uongo, hata wewe unalo! Namba yenyewe niliiandika kwa kalamu ya risasi ndani ya mlango wa kabati la jikoni mwaka 2019, enzi zile za foleni za kusajili laini kwa alama za vidole. Nikampigia mwanangu anisomee. Akasoma, nikaandika, nikahesabu: tarakimu 18. Zatakiwa 20. Nane za mwanzo hata usingizini nazitaja, maana ni mwaka, mwezi na siku niliyozaliwa. Mbili za mwisho ndizo zilizoliwa na mvuke wa tui. Yule binti, Mungu ambariki, akanielekeza nibonyeze *152*00#. Nikaifuata menyu polepole, miwani puani, nikaipata nzima.

Baada ya hapo mambo yakawa mepesi. Taarifa ya upotevu nimelipia shilingi 500, nikaenda nayo ofisi ya NIDA, nikajaza fomu. Lakini 20,000 za kadi mpya, somo! Changu niliyemnunua siku ile hakufika hata nusu yake. Nimelipa kwa simu huku nasaga meno. Na namba haibadiliki hata tarakimu moja, ni ileile ya kabatini. Ningeweza kuchelewa chelewa, ila kikundi chetu kinaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato inayotengwa kwa wanawake, na katibu wetu unamjua kwa mdomo: asiye na kitambulisho asitupotezee wakati.

Sasa nakuomba jambo. Pale sokoni Pangani huwa wanakuja kununua samaki hata watu wa huku, na watu wakiona jina letu watakimbilia kwako. Ukiletewa kitambulisho, tazama picha kwanza. Aliyevaa ushungi mweusi, amenuna kama kadaiwa, huyo ni mimi. Usikitumie!

Wasalimie wote, na mama mpe mkono wangu.

Ni mimi somo yako.