Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kazi Inayofuata Baada ya Hukumu

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji, nawasilisha taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka unaomalizika. Masuala ya fedha yataelezwa na mweka hazina. Mimi nitajikita katika mada mliyotukabidhi, yaani mchango wa wanaharakati katika kutambuliwa kisheria kwa ndoa za watu wa jinsia moja.

Tumebaini kwamba kazi yao nzito huja baada ya hukumu, pale ambapo wengi hudhani imekwisha. Nchini Afrika Kusini, tarehe 1 Desemba 2005, Mahakama ya Katiba iliamua katika shauri la Fourie kwamba kuwanyima wenzi wa jinsia moja haki ya kufunga ndoa ni kinyume cha Katiba, lakini ikalipatia Bunge miezi 12 kurekebisha kasoro hiyo. Muswada wa awali uliwatengea ubia wa pembeni usioitwa ndoa. Wanaharakati waliupinga, wakasimama kutoa maoni yao mbele ya hadhara ambazo mara nyingi ziliwapokea kwa uhasama, na hatimaye Sheria ya Muungano wa Kiraia ya mwaka 2006 ikawaachia wenzi wenyewe kuchagua kama muungano wao uitwe ndoa. Hata hivyo, kifungu cha 6 kiliwaruhusu maofisa wa serikali kukataa kuwafungisha ndoa kwa sababu za dhamiri, na hakikufutwa hadi mwaka 2020. Kwa maoni yangu, miaka hiyo 14 ya kudai kifungu kimoja kiondolewe inastahili heshima sawa na ushindi wa mahakamani, kwa sababu waliokuwa wakirudishwa kutoka dirishani kwa msajili walikuwa na haki ya karatasi tu.

Taiwan nayo inathibitisha hilo. Mwanaharakati Chi Chia-wei alianza kudai haki ya kufunga ndoa mwaka 1986. Mahakama ilimkubalia mwaka 2017 na kutoa muda wa miaka miwili, na ingawa kura ya maoni ya Novemba 2018 iliwaendea vibaya watetezi, sheria ilipitishwa Mei 2019. Haki ya wenzi kuasili kwa pamoja mtoto asiye wa damu ya yeyote kati yao ilisubiri hadi mwaka 2023.

Kwa hiyo, kamati inaomba mkutano huu uidhinishe kwamba mwaka ujao tuchunguze utekelezaji wa sheria hizi katika ofisi za usajili, mirathi na malezi ya watoto.